Muulize Mtunzi: Nyimbo 12 ninazo, mchezo uko wapi?

Mwezi huu ni zamu ya muziki wa jukwaani, yaani ile michezo ya kuigiza ambayo watu wanaongea, wanaimba na wanacheza ndani ya hadithi moja tangu pazia linafunguka mpaka linafungwa. Meseji zimekuja nyingi kuliko kurasa tulizopewa kwa hiyo nimechukua chache ambazo naona jibu lake litamfaa na mwingine. Mliouliza bei ya kurekodi albamu mnisamehe, hiyo tutaiongelea siku yake.

*Shikamoo mwalimu. Mimi natunga nyimbo za kwaya, na nje ya kanisa nimetunga nyimbo 12 kuhusu maisha ya Dar: foleni, kodi ya nyumba, mapenzi, msiba, kila kitu. Watu wanazisifu. Nataka ziwe tamthilia ya muziki, natafuta mtu aniandikie hadithi ya kuziunganisha. Nianzie wapi?*
*Mwanakwaya, Ubungo Kibangu*

Marahaba, na hongera, maana wengi wanaishia kusema "nitatunga" mpaka wanazeeka. Ila hizo nyimbo ziweke pembeni kwanza, usizitupe, ziweke tu, kwa sababu hapo ulipo ni kama umenunua vifungo 12 halafu unamtafuta fundi akushonee shati la kuvivalia. Iko michezo iliyotengenezwa hivyo, sikatai, Mamma Mia! iliyofunguliwa London mwaka 1999 ilijengwa juu ya nyimbo za ABBA, ile bendi ya Sweden, zilizokuwa tayari zipo, lakini pale watu walikuja wakiwa wanazijua nyimbo zote tangu ujana wao, hadithi hata ikilegea wao wanaimba tu. Zako bado zinajulikana kuanzia Kibangu hadi Riverside, usinichukie.

Wimbo wa jukwaani unapimwa kwa swali moja, mhusika ameingia kwenye wimbo akiwa na hali gani na anatoka akiwa na hali gani? Kama ni ileile, wimbo ni mzuri wa redio, hapo jukwaani unakula muda.

Ngoja nikupe mfano nautunga hapahapa. Kuna binti anakaanga samaki pale Feri, Kivukoni. Familia yao inadaiwa na tajiri mmoja wa samaki wa jumla, na huyo tajiri anamtaka binti. Jioni watu wameondoka, amekaa kwenye ndoo amegeuza kitako juu, anahesabu mauzo. Mtunzi wa kwanza anampa wimbo wa "maisha magumu Dar", beti tatu, kiitikio kitamu, ukumbi unapiga makofi, wimbo unaisha binti bado amekaa kwenye ndoo anadaiwa vilevile. Mtunzi wa pili anachukua melodi hiyohiyo lakini ndani ya wimbo binti anahesabu kweli. Beti ya kwanza anahesabu mauzo ya leo. Beti ya pili anatoa deni, anakumbuka kila mara mama aliposema "nimeshampunguzia kidogo yule baba". Beti ya tatu hesabu inagoma, deni limepungua kwa hela ambayo nyumbani haijawahi kuwepo, anarudia mstari uleule mara ya pili taratibu, ngoma inanyamaza, hapo ndipo anaelewa kwamba mama ameshapokea posa. Kiitikio kinarudi na maneno yaleyale ila sasa hivi hawezi kurudi nyumbani. Umeona? Ukiukata wimbo huo hadithi inakatika katikati. Huo ndio unautafuta.

Wenyewe Wamarekani hawakuanza hivyo. Zamani michezo yao mingi ilikuwa nyimbo zimepangwa, vichekesho vimepangwa, wacheza ngoma wanapita, hadithi ni kisingizio. Show Boat ya 1927 ilianza kubana mambo, halafu Oklahoma! ya Rodgers na Hammerstein mwaka 1943 ikafanya wimbo, mazungumzo na dansi vyote vivute hadithi moja, na watu wakaanza kudai hivyo kwa kila aliyefuata. Na sisi hapa Dar vitu vyote tulikuwa navyo, wenye umri wangu wanakumbuka vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT miaka ya 90 walivyokuwa wanashindana, unalipa kiingilio mara moja unapata ngoma, kichekesho, igizo, sarakasi, halafu taarab mpaka usiku mkubwa. Waimbaji wakali, waigizaji wakali, wapigaji wakali, ila kila kitu kilikuja kwa zamu yake. Mimi huwa nawaza mtu angezifunga zile zamu zote kwenye hadithi moja tungekuwa wapi leo.

Kwa hiyo andika hadithi kwanza, ukurasa mmoja tu, nani anataka nini na nani anamzuia. Halafu pita nayo na kalamu nyekundu uweke alama pale ambapo mtu amefika mahali kuongea kawaida hakumtoshi tena. Wimbo unakaa pale. Ukipata alama 9 basi una nyimbo 9, na nina uhakika mbili tatu kati ya zile 12 zako zitapata nafasi, maneno yatabadilika lakini melodi itapona.

*Mwalimu mnajisumbua. Mtanzania hawezi kukaa saa mbili anaangalia watu wanaimba badala ya kuongea. Hayo waachieni Broadway, kule kwenye kumbi za New York, sisi tumezoea komedi na bongo muvi.*
*Msomaji mbishi, Sinza*

Wabishi nawapenda. Sasa niambie bibi yako alikuwa anahadithiaje ngano? Paukwa, pakawa, hadithi inakwenda, mara sungura amekwama anaanza kuimba na watoto wote mnaitikia, wimbo ukirudi mara ya tatu mnajua kabisa kuna mtu anakaribia kuliwa. Huo si wimbo unaofanya kazi ndani ya hadithi? Tena na kiitikio.

Na majirani wameshafanya kitambo. Johannesburg mwaka 1959 walifungua King Kong, habari za bondia Ezekiel Dlamini, muziki alitunga Todd Matshikiza na ndani yake alikuwemo Miriam Makeba kabla dunia haijamjua vizuri, mchezo ukafika mpaka London. Mwaka 1987 Mbongeni Ngema akatoa Sarafina! kuhusu wanafunzi wa Soweto, muziki wa mitaani kwao wenyewe, mwaka uliofuata ukawa Broadway. Hapo Limuru, Kenya, mwaka 1977 Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii walifanya mchezo na wanakijiji wa Kamiriithu, Kikuyu kitupu na nyimbo za wanakijiji wenyewe, watu walikuwa wanajaa mpaka serikali ikafuta kibali mwaka huohuo. Sasa mchezo ambao watu hawawezi kukaa kuuangalia serikali ingeupigia marufuku ya nini?

Ninachokubaliana na wewe ni kwamba mtazamaji wa Dar hakai kimya kama yuko kwenye mtihani. Anajibu, anamuonya shujaa, anapiga vigelegele. Na ukiweka wimbo wa taarab, jiandae kabisa, kuna mama atanyanyuka na noti mkononi aje kutunza, na nyuma yake watakuja wengine wanacheza taratibu. Mtunzi ambaye hakulijua hilo mchezo wake unavurugika pale. Anayelijua anaacha sehemu bendi izunguke bila kuchoka, na akiwa mjanja zaidi anaifanya hiyo tunza iwe sehemu ya hadithi, yaani wimbo ule uwe kwenye sherehe ya posa, watu wanatunza kweli na binti anaangalia hela zinavyomwagika juu ya mama yake.

*Shikamoo mwalimu. Mimi natengeneza biti na melodi, mwenzangu anaandika maneno. Kila siku ugomvi, yeye anasema maneno yatangulie, mimi nasema muziki utangulie maana yeye akitangulia maneno yake hayakai kwenye biti. Tuamulie.*
*Dogo wa biti, Mbagala Rangi Tatu*

Marahaba dogo. Yule Richard Rodgers wa Oklahoma! alikuwa mtunzi wa muziki, alipokuwa anafanya kazi na mwandishi wa maneno Lorenz Hart mara nyingi muziki ndio ulitangulia, alipohamia kwa mwandishi mwingine, Hammerstein, maneno ndio yakatangulia, mtu yuleyule, na pande zote mbili zimetoka nyimbo zinazoimbwa mpaka leo. Kwa hiyo ugomvi wenu hauna mshindi. Ila kwa Kiswahili, na kwa jukwaani, mimi niko upande wa mwenzako.

Sababu ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Sema "nakungoja", sauti inagonga kwenye "ngo". Sasa beti ya pili mwenzako kaandika "nakungojea", mkazo umehama umekwenda "je", na silabi imeongezeka moja, lakini melodi yako imebaki palepale inagonga pale pa zamani. Mwimbaji atagonga "ngo" na mtu ukumbini atasikia neno linachechemea. Watunzi wengi hatulioni hili kwa sababu tumekulia kanisani na nyimbo zilizotafsiriwa zikapandishwa juu ya tuni za Ulaya, mikazo imepinda kila mstari na hatujali maana maneno tunayajua kwa moyo. Jukwaani mtu anasikia mara moja tu, hakuna kurudisha nyuma. Asipolishika neno limempita, na kama neno hilo ndilo lilibeba siri ya mama basi hadithi nzima imempita.

Halafu angalia mwisho wa mstari. Ile tabia ya kumalizia na noti ndefu ya juu kwenye silabi ya mwisho ni ya lugha nyingine, kwetu silabi ya mwisho ni nyepesi, inaanguka. Vuta ile ya kabla yake, ya mwisho iache itue. Jaribu leo usiku na wimbo wenu wowote utaniambia.

Dawa ni hii, mwenzako asome mashairi yake kwa sauti, wewe hujagusa laptopu, piga meza pale anapokaza, rekodi kwenye simu. Biti yako itoke kwenye hiyo meza.

Na kwa kuwa mmegusa maneno, mashairi yetu yana mizani tayari, yaani hesabu ya silabi, utenzi mizani 8 kwa mstari, shairi la kawaida 8 na 8 zinakuwa 16, ukimpa mwandishi mzuri utaona melodi inakuja yenyewe. Lakini kosa ninaloliona sana ni wahusika wote kuimba kwa mizani ileile na vina vilevile, bibi anaimba kama mjukuu, bodaboda anaimba kama shehe. Mpe bibi 16 zake zilizotulia, bodaboda mpe mistari mifupi iliyokatikakatika. Wawili wakigombana usiwaandikie wimbo mpya wa ugomvi, mipasho ipo kwa ajili hiyo, kila mmoja anaimba anaangalia watazamaji, hamtaji mwenzake, fumbo linapaa juu ya kichwa cha kila mtu linatua palepale panapotakiwa. Waandishi wa tamthilia wanahangaika miaka kutafuta ugomvi mtamu namna hiyo na sisi tunao bure.

Singeli najua unaipenda, wewe ni mtu wa Mbagala. Weka, inapandisha ukumbi wote. Ila kwenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika usimpe mwimbaji habari mpya ya hadithi, hakuna atakayeishika. Habari iseme kabla, kwa mdomo, ndiyo uachie biti.

*Mwalimu, mimi nafundisha sekondari Temeke na nina klabu ya sanaa. Tuna kiibodi moja, ngoma mbili na kijana mmoja wa gitaa. Tupige wenyewe au tutengeneze biti zote studio tucheze kwenye laptopu?*
*Mwalimu wa klabu*

Pigeni wenyewe. Sina hata wasiwasi.

Biti ya laptopu haijui kumsubiri mtu. Mtoto akisahau mstari biti inasonga, watu wakicheka muda mrefu kuliko mlivyopanga biti inasonga, mhusika amekwama mlangoni gauni limenasa, biti inasonga tu. Mpiga kiibodi mwenye macho anazungusha baa nne zilezile za muziki mpaka mtoto ajipate, watazamaji wanadhani ndivyo ilivyoandikwa. Hiyo sehemu ya kuzungusha iandike kabisa kwenye nota zako, kila mahali ambapo kuna mazungumzo juu ya muziki, na mpe mpigaji neno la mhusika ambalo akilisikia anatoka kwenye mzunguko. Umeme ukikatika pia ngoma haizimi, na mvua ya masika ikianza kupiga bati la ukumbi wa shule hakuna spika itakayowasaidia, hapo mnataka watoto wote waimbe pamoja kwa nguvu, kwa hiyo hata huo wimbo wa wote mnaweza kuwa nao tayari mfukoni.

Kiibodi ikae pembeni ambapo mpigaji anaona midomo ya waimbaji, siyo nyuma ya pazia. Nota mnaweza kuandika kwa MuseScore, ni programu ya bure, na ile kazi ya kuhamisha wimbo kutoka ki moja kwenda nyingine, yaani kuupandisha au kuushusha sauti, inakufanyia yenyewe.

*Nimepewa nafasi kubwa kwenye mchezo lakini nyimbo ziko juu sana kwangu, na nyingine naimba huku nacheza ngoma. Mtunzi hataki kushusha ki, anasema wimbo utapoteza ladha. Nifanye nini?*
*Binti wa Mikocheni*

Ashushe. Ladha ya wimbo iko kwenye koo la anayeuimba, na mchezo hauimbwi mara moja kama studio, unaimbwa Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, na Ijumaa nyingine sauti iwe bado ipo. Noti yako ya juu kabisa iandikwe chini kidogo ya ile unayoifikia siku ukiwa mzima na umelala vizuri. Na hiyo ya kucheza, mwambie aje mazoezini aimbe yeye huku anarukaruka na njuga miguuni, ataanza kukata mistari mifupi mwenyewe na kuweka mahali pa kuvuta pumzi.

*Mwalimu, tunataka kuchukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein tuigeuze tamthilia ya muziki. Kitabu ni cha zamani, si tunaweza tu? Na mimi, mtunzi wa muziki, haki zangu zinakaaje?*
*Kikundi cha vijana, Kigogo*

Hapana, hamuwezi tu. Kitabu hicho, tamthilia kuhusu Vita vya Maji Maji, kilitoka 1969, kwa mwandishi huo siyo uzamani. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ulinzi unakwenda maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufariki, na kugeuza tamthilia iwe ya muziki ni moja ya mambo ambayo ruhusa yake anatoa mwenye kazi. Tafuteni mchapishaji wa kitabu, andikeni barua, elezeni mnataka kufanya nini, wapi na kwa kiingilio au bure. Mkikwama, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo kazi yao, waulizeni.

Lakini Vita vya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 siyo mali ya mtu. Someni historia, tungeni mchezo wenu, wahusika wenu, maneno yenu, hakuna wa kuwakamata. Mnachokatazwa ni kuchukua maneno na mambo aliyoyabuni Hussein kichwani mwake. Ngano na ngoma za jadi ni habari nyingine tena, sheria hiyohiyo ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi zikitumika kibiashara, piteni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kabla hamjachapa mabango.

Kuhusu haki zako, kaeni chini kabla ya mazoezi, aliyeandika hadithi, aliyeandika maneno ya nyimbo na aliyetunga muziki, muandike nani anapata nini mchezo ukiingiza hela, mchezo ukienda Bagamoyo, wimbo mmoja ukitoka kivyake redioni. Mazoea ya Broadway ni mafungu matatu, hadithi, maneno, muziki, nyie mnaweza kugawana mnavyotaka ila iwe kwenye karatasi na sahihi. Ukifanya mawili kati ya matatu, chukua mawili, usione aibu. Na aliyekuja kupiga gitaa tu mwambieni mapema kwamba analipwa kwa kupiga, maana hapo ndipo urafiki mwingi wa hapa mjini unapofia.

*Inachukua muda gani kutunga mchezo mzima? Tunataka kuonyesha Desemba hii.*
*Wana wa Kijitonyama*

Desemba hii? Mtunzi wa Marekani Lin-Manuel Miranda alianza kuuwaza mchezo wake wa muziki, Hamilton, mwaka 2008 baada ya kusoma kitabu, mwaka 2009 akaimba wimbo mmoja Ikulu ya Marekani, mchezo wenyewe umefunguliwa 2015. Siwaambii msubiri miaka saba, mchezo wa dakika 40 wenye nyimbo tano mnaweza, ila skripti iwe imekamilika sasa hivi, siyo "inakaribia".

Wakusanyeni waigizaji mezani, kiibodi moja, hakuna mavazi, hakuna kucheza, someni na kuimba tangu mwanzo mpaka mwisho, na muwaite watu wachache ambao siyo ndugu zenu. Wewe mtunzi usiangalie waimbaji, angalia hao wageni, andika ni wimbo gani walishika simu. Huo unakatwa, hata kama ndio ulioupenda kuliko zote. Rudieni tena baada ya wiki mbili na wageni wengine.

Na ukumbi mkaulizie wiki hii hii, Desemba kila ukumbi wa mjini una harusi.